Neno Nililompa Corinne

“Ulimwahidi wewe, si chama,” Verlyn Stroud alisema huku akifungua karatasi ya mkate wake wa nyama ya bata mzinga. “Sasa unanililia mimi kwa nini?”

“Sikulilii. Nakwambia tumevunja jozi.”

“Tumevunja nani? Kidole kilichobonyeza kilikuwa cha nani, Marlys?”

Hapo alinibana. Verlyn ni kiongozi wa chama chetu katika Bunge la Jimbo, na anajua kukugeuzia neno lako mwenyewe.

Jozi kwetu ni desturi ya siku nyingi. Mbunge akipatwa na dharura, anamwendea mmoja wa upande wa pili, wanakubaliana: mimi sitakuwepo, na wewe hutapiga kura. Kura zao zinafutana, hakuna anayepunjwa. Haiandikwi popote, ni kupeana mkono tu. Siku hizi pande mbili haziketi hata meza moja ya chakula, na karibu hakuna anayethubutu tena. Tulikuwa tumebaki mimi na Corinne Babcock.

Corinne ni wa upande wa pili. Anatoka kaunti jirani na yangu, na majira ya theluji tunakuja mji mkuu kwa gari moja, tukibishana njia nzima na kumaliza biskuti zake. Jumapili alinipigia simu. Mumewe, Leland, alikuwa apasuliwe moyo kesho yake.

“Utakaa bila kupiga kura?” aliniuliza.

“Nenda kwa mumeo,” nikamwambia. “Nitakaa.”

Jumatatu Verlyn alipoona kiti cha Corinne kitupu, asubuhi hiyo hiyo akaleta ramani. Ni ramani ya maeneo ya uchaguzi, yanayotoa wabunge wetu wa kwenda Washington. Ilikuwa imechorwa upya ili chama chetu kipate kiti kimoja zaidi. Mji wa Corinne, wenye kiwanda cha karatasi, ulikatwa katikati kama keki, kila nusu ikatupwa kwenye mashamba ya watu wengine, wenyeji wasiweze kumpeleka mtu wao popote. “Kwenye majimbo mengine wao wanatufanyia hivi hivi,” Verlyn alisema. Ni kweli, wanafanya.

Mmoja wetu, mzee Hollis Quade, alishasema yeye hataipigia kura ramani hiyo. Kwa hiyo mimi nikikaa, kura zinalingana, na mswada ukilingana huanguka. Verlyn akaja kwenye meza yangu, akainama sikioni.

“Ukikaa, uchaguzi ujao nakuwekea mpinzani ndani ya chama. Tayari ninaye.”

Nikabonyeza. Taa ya kijani, ya ndiyo, ikawaka kwenye ubao kando ya jina langu. Ningependa kusema nilisita. Sikusita. Mswada ukapita kwa kura moja, wananchi waliokuwa roshani wakaanza kupiga kelele, “Aibu! Aibu!”, na Spika akaturuhusu kwenda kula.

Ndipo nikamfuata Verlyn ofisini kwake.

“Wao wangekufanyia hivyo bila kupepesa jicho,” alisema, mdomo umejaa.

“Corinne asingefanya.”

“Corinne, Corinne! Hamia kwake basi. Huyo Corinne wako atakupigia kura? Hata siku moja.”

“Binti yangu ndiye anayemlishia mbwa wake wiki hii, Verlyn.”

“Hongera kwa mbwa.”

Simu yangu ikalia. Jina la Corinne. Verlyn akaliona, akaacha kutafuna.

“Usipokee.”

Nikapokea.

“Ametoka!” Corinne alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. “Ametoka salama, Marlys! Daktari anasema moyo sasa unapiga kama wa fahali. Nilizima simu tangu alfajiri, sijui hata nchi iko wapi. Wewe ndiye mtu wa kwanza ninayempigia. Asante kwa kukaa, dada. Nisingeweza kuwa hapa bila wewe. Mbwa amekula?”

“Amekula,” nikasema.

“Mbona sauti hiyo?”

“Mafua. Kaa na mumeo.”

Nikakata. Nina watoto watatu, na nimewachapa kwa uongo mdogo kuliko huo.

Verlyn alikuwa anatabasamu. Alinitazama kama mtu anayemtazama farasi aliyemnunua.

“Umeona? Rahisi. Mengine atayasoma gazetini. Tukirudi ndani napigilia msumari, mambo yamekwisha.”

Msumari. Kwa sababu ya zile kelele za roshani alisahau kuupigilia asubuhi. Kwetu mswada ukishapita, kiongozi husimama papo hapo kuomba kura ifunguliwe upya, na watu wake wanaikataa hoja yake kwa makusudi, ili isiweze kuombwa tena. Kabla ya hapo mlango uko wazi. Lakini si kwa kila mtu. Walioshindwa hawana ruhusa ya kuomba. Anayeweza kuomba ni aliyepiga kura na walioshinda.

Na mimi nilikuwa nimeshinda.

“Unakwenda wapi?” Verlyn aliuliza. “Kengele bado.”

“Kuketi,” nikamwambia.

Nilikaa kwenye kiti changu ukumbi ukiwa mtupu, nikawatazama wakiingia mmoja mmoja wakipangusa makombo. Verlyn aliingia na Spika, wakizungumza. Kengele ikalia. Verlyn akaanza kujiinua, akifunga kifungo cha koti. Mimi nilikuwa tayari nimesimama, kipaza sauti mkononi.

“Mheshimiwa Tvedt,” Spika alisema, akishangaa. Si kawaida yangu kusimama. “Kwa hoja gani?”

“Kufungua upya kura ya mswada wa mipaka. Asubuhi nilipiga ndiyo.”

Upande wa pili walitazamana kwanza, kama watu wanaohofia mtego. Kisha mmoja wao akapaza sauti, “Naunga mkono!” Nyuma yangu mtu wa chama changu akasema, “Kaa chini, msaliti we!” Verlyn alikuwa anahesabu vichwa, na niliona uso wake ukifika kwenye jibu.

Hoja ilipita kwa kura moja. Ilikuwa yangu, kama ile ya asubuhi.

“Sasa tunapiga kura juu ya mswada wenyewe,” Spika akasema, na ubao ukafutwa.

Vitufe viwili vilikuwa mbele yangu, cha kijani na chekundu. Sikubonyeza chekundu. Sikumwahidi Corinne hapana. Nilimwahidi kukaa.

Nikaiweka mikono yote miwili chini ya mapaja, nikaikalia, mpaka Spika akafunga kura, zikiwa zimelingana.