Kikombe cha Jumapili

Niseme mwenyewe kabla dada yangu hajaniwahi: mimi ndiye niliyemfukuza mdogo wetu wa mwisho, na nilimfukuza huku natafuna karanga.

Kwetu tuna folda ya pamoja mtandaoni. Aliifungua marehemu baba, akaiita Mambo ya Nyumbani. Humo mna hati ya kiwanja, kadi za kliniki za mama, vyeti, picha. Ukiweka kitu kwa simu yako, wote tunakiona. Baba alipofariki, usimamizi ukaniangukia mimi, kifungua mimba.

Mdogo wangu hakuja kuzika. Nikamwambia kwa simu, "Usikanyage hapa tena." Hakukanyaga. Akabadili na namba. Ila kila Jumapili asubuhi picha moja ilikuwa inaingia kwenye folda: kikombe chake cha chai, mezani. Neno hata moja hakuna. Mama alikuwa anaisoma kama barua.

"Leo kikombe kimevunjika mkono," anasema. "Huyu anaishi peke yake."

"Mama, kilichovunjika mkono ni kikombe, si yeye."

"Wewe na mzaha wako mtazikwa pamoja."

Basi kazini, kwenye maabara ya maji ninakopima chupa tangu nipate diploma, wakatuletea semina ya usalama wa mtandao. Mwalimu akasema: kagueni mnaoshirikiana nao, usiyemtambua, mtoe. Nikaifungua folda yetu palepale. Mimi, dada, mama, anwani ya barua pepe ya siku zote ya mdogo wangu, halafu anwani moja ya herufi na tarakimu kama namba ya gari. Nikamwonyesha mwenzangu wa pembeni, "Mwizi huyu hapa." Nikabonyeza. Nikajiongezea karanga.

Jumapili kikombe hakikuja. Na vile vya nyuma, mia na kitu, viliondoka na mwenyewe.

"Mtandao unasumbua, mama."

"Wa watu wote, au wa mwanangu tu?"

Dada ndiye aliyenivuta jikoni, akanieleza. Mdogo wetu alipobadili simu alifungua anwani mpya, na yeye dada akamwingiza kimyakimya kwa kuniogopa mimi. Ile ya zamani ilibaki ganda tu. Dada ameshamwandikia kwenye hiyo mpya. Hajajibiwa.

"Labda hajajua kama nimemtoa," nikasema.

"Nitoe na mimi, tuone."

Nikamtoa. Simu yake ikalia mkononi. Majina yangu yote matatu, hadi la ukoo, halafu: amekuondoa kwenye Mambo ya Nyumbani. Habari za semina hazikuandikwa popote.

Nilimweleza mama yote. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza.

"Kwa hiyo ameambiwa mara mbili," akasema, akageuza simu uso chini.

Siku hizi Jumapili anakunywa chai yake haraka, anaenda kulala.

Nimetuma mwaliko mara kumi na saba. Chini yake pameandikwa: unasubiri kukubaliwa. Kuna nafasi ndogo ya kuongeza maneno, na mimi bingwa wa maneno nilikuwa naiacha tupu. Leo nimeijaza.

"Mdogo wangu, kubonyeza nilikosea. Na lile la msibani nilikosea. Hatutakuuliza ulikuwa wapi. Weka kikombe tu, mama akione."