Korongo wa Matete

Lorna Petrich alikuwa na miaka sabini na tisa, na daktari alishamwambia kwamba macho yake hayafiki Krismasi. Katikati ya kila alichokitazama palikuwa na doa jeusi. Pembeni aliona, lakini kwa ukungu. Daftari lake lilikuwa na aina mia sita na kumi na moja za ndege aliowaona kwa macho yake, na aliyebaki, aliyemtafuta miaka arobaini, ni korongo wa matete. Ndiyo maana alinipigia simu.

Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na minne, nikakata magogo katika msitu huu wa mikaratusi mpaka kazi ikafungwa. Sasa napeleka watu kutazama ndege. Kinamasi hiki nakijua kuliko nyumba yangu.

Aliletwa na mkwewe, Rohan, ambaye alianza kulalamikia mbu kabla hajaumwa.

"Wenzako wanaandika hata ndege waliowasikia tu," Rohan alimwambia tukivaa mabuti marefu. "Wewe kwa nini usiandike?"

"Kusikia ni kazi? Hata wewe nakusikia tangu Melbourne."

Tuliingia majini alfajiri. Korongo alinguruma mara tatu, kama fahali anayepumulia ndani ya pipa, kisha akanyamaza. Nilikuwa bado natafuta kwa darubini Rohan aliponigusa bega.

"Ni yule? Kile kijiti chenye macho?"

Alikuwa yeye, hatua kumi na mbili mbele yetu. Shingo juu, mdomo umeelekea mbinguni, michirizi ya kifua imelala sawasawa na matete. Akiona watu husimama hivyo, na hatikisiki mpaka waondoke.

Nilimshika Lorna mabega. "Mama, unaliona tete lililovunjika?"

"Naliona."

"Sogeza macho kushoto kidogo."

Akayasogeza. "Hapo ndipo doa lilipo, Glenn."

"Basi usimtazame yeye. Tazama maji, umwache pembeni."

"Pembeni naona matete."

Nilijua tatizo. Angemwona iwapo tu ndege angesogea, na ndege asingesogea maadamu tumesimama pale. Niliinama nikaokota kipande cha gome kilichokuwa kinaelea.

"Umeokota nini?" Lorna akauliza.

"Gome."

"Litupe nyuma."

"Mama, akiruka ana mabawa mapana. Utamwona."

"Huu ni Novemba, msimu wao wa kutaga. Huenda ana mayai, na kunguru wa kuyala nawasikia hapo juu. Wewe mwenyewe uliwahi kumfukuza mteja kwa kosa hilo, ulinisimulia kwenye simu."

Ni kweli nilimfukuza.

"Nipe mimi nirushe," Rohan akasema. "Mimi si mtu wa ndege."

"Rusha, halafu urudi Melbourne kwa miguu."

Nilitupa gome nyuma. Tukasimama. Mara kwa mara Lorna aliuliza, "Bado yupo?" nami nikajibu, "Yupo."

"Anafanya nini?"

"Anatutazama, macho yakipitia chini ya mdomo."

Maji yalikuwa baridi. Baada ya kama saa nzima Lorna alianza kuyumba, na machozi yakawa yanamtoka kwa kukodoa macho. Rohan alimshika kiwiko bila kuulizwa.

"Umemtazama uso kwa uso," nikasema. "Mwandike tu, mama."

"Nimetazama doa."

"Nani atajua?"

"Usinitukane, Glenn."

Tukageuka kurudi. Hatukufika mbali, matete yakalia nyuma yetu. Nilimgeuza Lorna haraka, nusura nimwangushe. Korongo alishatokomea ndani ya matete, shingo, mgongo, vyote.

"Nimeona kitu kinatikisika," Lorna akasema. "Ni yeye?"

"Ni matete, mama. Yeye ameshapita."

Alisimama akiyatazama mpaka yakatulia. Kisha akampa Rohan darubini yake ambebee, na sisi watatu tukaendelea kutembea majini kuelekea kwenye gari.