Faili Lililoulizwa Mno

Mwenye bucha alikuwa na tabia moja ambayo kinyozi hakuielewa: alipokuwa na hasira naye ndipo alipokuja kunyolewa. Aliingia dukani na aproni bado kiunoni, akajitupa kwenye kiti, akavuta kichwa nyuma mpaka koromeo likatokeza, halafu akaanza kumsema mtu yule yule aliyeshika wembe.

"Mwaka wa tatu huu," alisema Bucha, maana mtaa mzima ulimwita kwa jina la duka lake. "Mwaka wa tatu, kibali hakuna. Uliniambia miezi michache. Au nilisikia vibaya?"

"Hukusikia vibaya. Usitikisike, nipo shingoni."

"Sitikisiki. Nasema tu kwamba ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Ni serikali, ndugu yangu, siyo mimi."

"Serikali mimi siijui. Niliyemjua ni wewe."

Kinyozi akakwangua povu taratibu. Maneno yale yalimchoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Hata hivyo, kila Bucha alipoinuka na kujipangusa shingo, kinyozi alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi mwingine, kijana, ana viti vya kuzunguka na muziki juu. Mtu aliyekata tamaa nawe hakuletei koo lake ulipitishie wembe. Bucha alilileta lake kila wiki, pamoja na makelele yake, na kinyozi aliyapokea yote mawili kwa shukrani.

Mambo yenyewe yalianzia hapo hapo dukani, kama yanavyoanza mambo mengi ya watu wanaongoja kunyolewa. Mteja mmoja, mtaalamu wa miamba, alisema nje ya mji kuna kilima kimejaa jasi, yale mawe meupe yanayosagwa kutengenezea chaki na simenti, na wenye ardhi wako tayari kukikodisha kwa watu wadogo kabla makampuni makubwa hayajanusa. Mtaalamu akanyolewa, akaenda zake. Kinyozi akabaki na kilima kichwani. Haukupita muda akaanzisha kikampuni cha kukichimba, na Bucha akawa mwanahisa. Mwalimu mstaafu naye akaingia, akisema chaki ilimlisha vumbi maisha yake yote, sasa imlishe chakula. Wakafuata majirani wachache. Wa mwisho kuingia alikuwa dada yake kinyozi.

Huyu dada ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki alikuwa msichana anayeanza kazi ya unesi, akamchukua mdogo wake, akamlisha, akamsomesha, akamvumilia alipoacha shule, akamnunulia mashine yake ya kwanza ya kunyolea. Alipostaafu, kiinua mgongo chake chote alikiweka kwenye kilima cha jasi. Kinyozi alimwambia, "Dada, niamini," naye akasema, "Haya." Huo ndio ulikuwa mkutano wake wote wa wanahisa.

Sasa mkataba na wenye kilima ulikuwa unakwisha mvua zitakapoanza. Kibali cha kuchimba kisipotoka kabla ya hapo, kilima kingekwenda kwa wenye nguvu zao, na kiinua mgongo cha dada kingekuwa kimeishia kwenye vipimo na ada za serikali. Bucha angepiga kelele na kupona. Mwalimu angepata methali ya kujifariji. Dada asingesema neno, na hilo ndilo lililomnyima kinyozi raha. Kila alipokwenda kumwamkia walizungumza habari za magoti yake, za majirani, za bei ya sukari. Kibali hakikutajwa hata siku moja. Kinyozi aliuona ukimya ule kuwa ni hukumu, na mara nyingine alitamani dada yake amfokee tu yaishe.

Ndiyo maana alibuni zamu. "Kuuliza si ujinga," aliwaambia wenzake. Kila wiki mmoja wao angekwenda ofisi ya madini, akae kwenye benchi la masjala, kile chumba yanakotunzwa mafaili, aulize faili lao limefika wapi, ili serikali ijue kwamba wenyewe wako macho. Dada peke yake alisamehewa, kwa sababu ya magoti. Wengine walikwenda bila kukosa. Benchi lenyewe lilikuwa na mguu mmoja mfupi, na aliyekaa pembeni alilazimika kukaza miguu chini ili wenzake wasiserereke. Wakapigwa danadana ya kitaalamu. Mhusika yuko semina. Mhusika amerudi, lakini mwenye kutia sahihi amesafiri. Njoo wiki ijayo. Afisa wa masjala, mama mmoja mpole mwenye miwani minene, kila mara aliinuka, akalitafuta faili lao, akalifungua, akasema, "Lipo, linasubiri," akaandika kitu juu yake, akalirudisha. Nao walirudi nyumbani wakijifariji kwamba, angalau, lipo.

"Mvumilivu hula mbivu," Mwalimu alipenda kusema.

"Hizi zetu zitaozea mtini," Bucha alimjibu.

Siku moja Bucha alirudi kutoka kwenye zamu yake bila makelele, na hilo likamtisha kinyozi kuliko makelele yoyote. Mwalimu alikuwa kwenye kiti, shavu moja limenyolewa, jingine limejaa povu. Bucha alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Leo nimejua kwa nini haliendi," alisema. "Yule mama alipoinuka kulitafuta, nami nikainuka, nikasogea hadi mlango wa ndani, nikachungulia. Jamani, alilichomoa karibu na juu kabisa! Yaliyokuwa juu yake ni machache tu, hata mtoto angeyahesabu. Akaniambia lipo, linasubiri. Halafu akalirudisha. Mnajua alilirudisha wapi? Chini kabisa ya rundo."

"Chini?" Mwalimu aliuliza.

"Chini kabisa. Nikamwambia, mama, mbona umelizika? Akasema ndiyo utaratibu. Faili likiulizwa linatoka kwenye foleni, na likirudi linaanza upya, asije mtu akawaruka wenzake kwa kujuana na kusumbuasumbua. Yanayosonga mbele ni yale ambayo hakuna anayeyauliza."

"Miaka yote hii hakutuambia?"

"Nimemuuliza hilo pia. Anasema sisi tuliuliza limefika wapi. Hakuna aliyeuliza kwa nini haliendi."

Kinyozi akaweka wembe mezani. Kumbe kila wiki, kwa bidii na kwa nauli zao wenyewe, walikwenda kulifukia faili lao, na aliyewapa sepetu alikuwa yeye.

"Ni mimi," alisema. "Zamu niliibuni mimi. Nimewaponza."

Mwalimu akaanza kutetemeka mabega pale kitini. Kinyozi akadhani mzee wa watu analia. Kumbe anacheka.

"Maisha yangu yote," Mwalimu alisema, akijifuta machozi na kujipaka povu puani, "nimewafundisha watoto wa watu kunyoosha mkono na kuuliza. Hata waliokuwa wanajinyamazia niliwalazimisha!"

Bucha alijaribu kukunja uso, ukamshinda. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kilipopungua, akavuta kigoda, akakaa.

"Mmalize huyo, kisha mimi," alimwambia kinyozi. "Na mkono wako utulie. Wote tulikalia lile benchi, hukutupeleka na kamba shingoni."

Badala ya kusema neno la shukrani, kinyozi akamnyoa Mwalimu kama anavyonyolewa bwana harusi, kisha akamnyoa Bucha vizuri zaidi.

Wakakubaliana kwamba asiende mtu tena masjala, liwalo na liwe. Hapo ndipo walipogundua kwamba kutofanya kitu ni kazi ngumu kuliko kazi. Mwalimu alionekana kituoni amevaa koti lake la heshima, akadai anakwenda kwa daktari, na Bucha akamsindikiza mpaka mlango wa zahanati kuhakikisha. Wiki iliyofuata Bucha akapata ghafla mteja wa nyama karibu na ofisi ya madini, na Mwalimu, mwenye mgongo mbovu, akajitolea kumsaidia kubeba. Walikuwa wanalindana kama watoto waliokatazwa sukari.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Kila asubuhi kinyozi alitoka nje, akatazama juu, akarudi ndani. Siku moja akashindwa. Alifunga duka, akaning'iniza kibao cha "narudi sasa hivi", akapanda gari mpaka ofisi ya madini, akijiapiza kwamba hataingia, ataliangalia tu jengo kwa nje. Uongo mtupu. Alikuwa amekwisha kuyapanga hata maneno ya kumwambia yule mama wa miwani.

Kwenye ngazi ya mawe karibu na geti, mwavuli mapajani na miguu ameinyoosha mbele, alikuwa amekaa dada yake.

Basi naye amechoka, kinyozi aliwaza, amekuja kudai haki yake mwenyewe kwa magoti yale mabovu.

"Shikamoo, Dada. Umekuja kuuliza?"

"Marahaba. Niulize nini? Nimekuja kukungoja wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Bucha alinieleza habari za faili. Nikajisemea, huyu mdogo wangu namjua, hatavumilia kungoja. Jana nilikaa hapa hapa, hukuja, nikaanza kukuonea fahari. Kumbe nilifanya haraka." Akasogea ampishe nafasi. "Ulipokuwa mdogo, nikibandika sufuria tu, umeshafunua mfuniko. Unafunua, unachungulia, unafunua tena. Tumekula vyakula vingapi vibichi mimi na wewe?"

Kinyozi akacheka bila kupenda, akakaa kando yake. Watu walikuwa wanaingia na kutoka getini na bahasha zao. Kisha likamtoka kinyozi lile lililomkaa rohoni muda wote.

"Dada, mbona hujaniuliza hata siku moja? Jasho lako la maisha lipo mle ndani. Wengine wananisema mpaka natamani kukimbia. Wewe, kimya. Nimeshindwa kujua kama umenisamehe au umenifuta."

Dada akageuka akamtazama, akashangaa kweli.

"Ningekuuliza, ungenijibu nini?"

"Ningesema... ningesema kinakaribia."

"Kilikuwa kinakaribia?"

"Hapana."

"Basi ungenidanganya. Kwa kunionea huruma, najua, lakini ungenidanganya. Mimi sikukulea uwe mwongo. Nije nikufanye mwongo ukubwani kwa ajili ya mawe?" Akanyoosha mkono. "Niinue. Twende nyumbani, hapa ngazi ina baridi."

Kinyozi akamwinua kwa mikono yote miwili. Walitembea polepole mpaka kituoni, yeye ameshika mwavuli, dada ameshika mkono wake, na kinyozi hakugeuka nyuma hata mara moja kulitazama jengo. Miaka yote alikuwa ameogopa ukimya ule, kumbe ulikuwa unamkinga. Alijiona mtu mwenye bahati kubwa kupita kiasi, kibali kitoke kisitoke, na aliona haya kwamba ilimbidi afike getini ndipo aijue bahati yake.

Simu ilipolia mawingu yalikuwa mazito, tone bado. Bucha alikuwa kitini amepakwa povu. Kinyozi alisikiliza, akasema "ndiyo, mama" mara kadhaa, akakata. Kisha akatoka nje mbio.

"Nini?" Bucha alipiga kelele. "Limepotea?"

"Kimetoka!" kinyozi alijibu akiwa tayari barabarani, na Bucha naye akachomoka kitini na kitambaa chake shingoni.

Kinyozi alikimbia mtaa kwa mtaa mpaka kwa dada yake, akafungua mlango bila hodi, akasimama. Dada alikuwa amelala kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli, redio inasema peke yake kwa sauti ya chini. Mdomo wa kinyozi ulikuwa umeshafunguka kumwita. Akaufunga. Akaketi sakafuni karibu na stuli, akihema, akauacha usingizi wa dada yake uendelee. Bucha alipotokea mlangoni, kinyozi akaweka kidole mdomoni. Bucha akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili, lakini akakaa kizingitini, povu linamkaukia usoni, akangoja naye.

Wakangoja mpaka redio ikamaliza taarifa na kuanza muziki. Dada akafumbua macho. Akamwona mdogo wake sakafuni, wembe bado mkononi, na mwenye bucha mlangoni amepakwa povu.

"Kuna nini?"

Njia nzima kinyozi alikuwa na maneno tele. Sasa yote yalimkimbia, likabaki moja.

"Asante, Dada."

"Ya nini?"

Kinyozi akajaribu kujibu, machozi yakamtangulia.

"Kimetoka, mama!" Bucha akapayuka kutoka mlangoni. "Kibali kimetoka! Tumekaa hapa muda wote na huyu amekuwa bubu!"

Dada hakumtazama Bucha. Aliinama mbele kwa shida, akaupokonya wembe taratibu, akauweka pembeni, akamwekea mdogo wake mkono kichwani kama alivyokuwa akifanya zamani.

"Na umeweza kungoja mpaka nimeamka," alisema.