Mngurumo wa Gurudumu la Kushoto

Mimi si mtu wa kunyamaza, anayenijua anajua. Lakini mwaka huu mume wangu alinishinda. Nasema hiki, kimya. Nauliza kile, kimya. Asubuhi moja natandika kitanda, nimempa mgongo, nikajikaza nikamuuliza kama bado ananipenda. Akachukua funguo za gari akaenda zake kazini. Nililia na shuka mkononi, sifichi. Nikajua basi, nimechokwa.

Kisha gari nalo likaanza kunguruma. Wuuuu, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo linavyozidi. Nikamgeukia nikamwambia. "Gari zima kabisa hili," akasema, akaongeza redio. Jamani! Redio yenyewe ilikuwa inapasua masikio. Nikaona huyu bwana sasa ananifanya mwendawazimu. Jumamosi nikamburuta mpaka gereji ya mdogo wangu, nimeshaapa moyoni: ikithibitika gari linanguruma na yeye ananikana mchana kweupe, nafungasha narudi kwa mama.

Mdogo wangu akashika usukani, mume wangu pembeni yake, mimi nyuma. Akazima redio. Alipokata kulia, mngurumo ukapanda. Alipokata kushoto, ukafifia.

"Beringi ya mbele kushoto," akasema. "Ukikata kulia, uzito wa gari unalalia kushoto, ndiyo maana inalia. Shemeji, si unaisikia?"

"Nyie mmekaa mkapanga kunichezea," mume wangu akasema.

"Shemeji, hii hata marehemu bibi anaisikia huko aliko!"

Mume wangu hakucheka. Mimi nilikuwa nimevimba huko nyuma, nahesabu nguo zangu za kufungasha.

Tuliporudi gereji, mdogo wangu akapiga jeki, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza kidogo, kok, kok. Akamwambia mume wangu aweke kiganja kwenye springi iliyo nyuma ya gurudumu, halafu akalizungusha gurudumu kwa mkono.

Mume wangu akashtuka. "Eh! Mbona kama kuna mchanga unasagwa humu?"

"Ndiyo hiyo tunayoisikia."

"Wote wawili? Hata yeye, kule nyuma?"

"Tangu mwezi uliopita!" nikafoka.

Gurudumu lilishasimama, yeye bado ameishika springi. Nikamtazama usoni, nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mume wangu: alikuwa anaogopa.

"Mimi sisikii kitu," akasema taratibu. Akanigeukia. "Kumbe ni masikio yangu. Na mimi nilidhani umeacha kuniongelesha."

Mungu wangu! Mimi? Mimi ninayeongea kutwa nzima, toka jikoni, toka uani, nikiwa nimempa mgongo, nikiinama kufagia? Hasira yote ikaniisha. Nikakaa juu ya tairi kuukuu, gauni likashika grisi, potelea mbali. Nikamwonea huruma. Mwaka mzima mwenzangu ameishi peke yake ndani ya nyumba yangu, na mimi nimenuna.

Mdogo wangu hajui aweke wapi macho watu wakilia, kwa hiyo akajitia yuko bize na breki. Akafungua, akatoa diski, akaikandamiza beringi mbovu kwa presi mpaka ikachomoka. Vigololi vyake vilikuwa vimechubuka vyote. Mpya akaisukuma polepole ikakaa, akafunga nati, akazungusha gurudumu. Mume wangu akaweka tena kiganja kwenye springi, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Tulirudi nyumbani redio imezimwa.

"Imenyamaza?" akaniuliza.

"Imenyamaza!" nikasema kwa nguvu, nimemgeukia. "Na Jumatatu tunaenda kwa daktari wa masikio!"

"Sawa."

Tukasimama kwenye taa nyekundu, vioo viko chini. Nikavuta pumzi, nikamuuliza tena lile swali la siku ile ya shuka, kwa sauti ya mtu anayenadi samaki. Mwendesha baiskeli wa pembeni akageuka, karibu aanguke.

Taa ikawa kijani. Mume wangu hakuondoa gari. Nyuma wakaanza kupiga honi. Sijui kama alizisikia, mimi nilizisikia nikaziacha zilie.

"Sana," akasema, kwa sauti kubwa kuliko yangu. "Sana, mama watoto. Hebu uliza tena."