Chumba Kisicho na Dirisha

Ti, ti, ti. Kimya. Halafu tena, ti, ti.

Nilikuwa mbele ya jiko, alfajiri, nje bado giza, nikadhani bomba la uani linavuja. Nikabandika maji ya chai. Nikapangusa meza. Sauti ile haikuongezeka wala haikupungua. Ilikuwa ya adabu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Mwishowe nikatoka uani nikalikaza bomba, nikakuta kavu kabisa. Nikiwa nimesimama pale ndipo nilipoelewa.

Ilikuwa kastabini, kile kikofia cha chuma ambacho mafundi cherehani huvaa kidoleni. Ilikuwa inagonga mlango wa stoo kutoka ndani. Na komeo la mlango ule, ambalo liko nje, nilikuwa nimelifunga mimi.

Nieleze kwanza wifi yangu alikuwa anafanya nini stoo.

Nimepiga pasi mashuka ya hoteli miaka thelathini na moja. Wageni waliotoka kuzunguka visiwa walikuwa wanalala kwetu siku moja kabla ya kurudi makwao, na kila nilipokung'uta suruali zao mchanga mweupe ulimwagika mezani kama chumvi. Mashuka niliyokunja sijui idadi yake, lakini mtu wa kunitandikia mimi kitanda sijawahi kumpata. Nilipostaafu nilitaka kitu kimoja tu: kupanda meli ya matembezi, niamke nione kisiwa, na nikirudi chumbani nikute nimetandikiwa.

Nilipomwambia wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alicheka mpaka akajichoma sindano.

"Kumbe kaka yangu alioa tajiri, hakutuambia," alisema. Akanyonya kidole. "Hicho chumba ni cha watu wangapi?"

"Wawili."

"Basi itabidi niende. Nani mwingine atavumilia mkoromo wako?"

Tukaanza kuweka akiba, yeye kwenye sare za shule anazoshona, mimi kwenye kiinua mgongo changu kilichobaki. Mjukuu wangu, ambaye ni muuguzi, alitutafutia safari ya msimu wa mvua, bei inaposhuka: siku tano, visiwa vitatu. Hata hivyo tulichoweza kukilipia kilikuwa chumba cha chini kabisa, cha katikati ya meli. Tukatoa malipo ya awali.

"Ila hakina dirisha," mjukuu wangu alisema.

Wifi alikuwa anakata uzi kwa meno. Alikaa nao mdomoni kidogo. "Dirisha la nini? Kwani tunakwenda kuchungulia majirani?"

Mimi nikacheka. Sikumtazama usoni.

Wazo la kufanya majaribio lilikuwa lake. Alisema yeye hakabidhi nguo ambayo mwenyewe hajaijaribisha mwilini, na chumba ni vilevile. Akaja na futi yake ya kushonea, akaipima stoo yangu kwa vipimo ambavyo mjukuu alipewa na wakala wa meli. Ilizidi chumba cha meli kwa shubiri moja tu. Tukatoa ndoo na madumu, tukatandika magodoro mawili, tukaanza kulala humo. Usiku wa kwanza aliweka ndala mlangoni usijifunge. Usiku wa pili ulipokucha nilikuta ndala imeondolewa, mlango umerudishwa, naye yuko macho makavu. "Nimelala kama mtoto," akaniambia. Usiku wa tatu alifunga mlango mwenyewe.

Nami alfajiri yake nikaamka, nikatoka, nikauvuta mlango nyuma yangu, nikasukuma komeo. Paka wa jirani huingia kwenye unga. Miaka ishirini nimefunga komeo lile kila asubuhi, na mkono ulifanya kazi yake bila kuniuliza.

Nilipofungua nilimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, gauni limemganda mwilini kwa jasho. Mkono wenye kastabini ulikuwa bado umeinuliwa, unagonga hewa.

"Wifi, nisamehe. Nilisahau. Ni paka..."

"Nipishe."

"Kunywa maji kwanza."

"Nimesema nipishe. Na usinifuate."

Akapita na mfuko wake, ndala mguu mmoja. Nilimwona akivuka barabara hivyohivyo, huku peku, huku amevaa.

Mjukuu wangu aliporudi kutoka zamu saa moja alinikuta nimekaa sakafuni. Nikamweleza. Alivua kofia yake akakaa nami palepale chini, na sare yake nyeupe.

"Bibi, unakumbuka leo ndiyo mwisho wa kumalizia malipo? Saa sita mchana. Ikipita hapo wanachukua nafasi na pesa tuliyotanguliza."

"Nakumbuka."

"Tukilipa leo hakuna tena kubadilisha. Kabla ya saa sita tunaweza kubadilisha chochote." Akasita. "Hata jina. Yule rafiki yako wa hotelini aliniuliza juzi kama kuna nafasi."

Nilinyamaza muda mrefu kuliko ilivyofaa. Nasema kweli. Nilimwona kichwani yule rafiki yangu kitanda cha pili, na mimi dirishani kwenye sebule ya meli, na visiwa vitatu vyote.

"Sijui," nikasema.

"Basi mimi nakwenda kukaa ofisini kwa wakala. Nipigie uniambie niandike nini."

"Hujalala, mama."

"Nitalala kwenye benchi lao." Akamimina chai kwenye chupa akaondoka. Alikuwa amesimama usiku kucha kwa ajili ya wagonjwa, na sasa anakwenda kusimama kwa ajili yangu.

Wifi ana chumba kimoja cha kushonea kinachotazama barabara. Mlango wake hufunguliwa tangu asubuhi, na cherehani iko palepale kizingitini, kiasi kwamba ukiingia unaruka kitambaa. Hata mvua ikinyesha hajongei ndani. Nilipofika alikuwepo mteja, mama aliyekuja kuchukua sketi ya mwanawe.

"Nimekuletea ndala," nikasema.

"Weka hapo." Alikuwa anazungumza na sketi.

Mteja alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mmegombana?"

"Tunagombana tangu alipoolewa na kaka yangu," wifi akamjibu. "Leo ni zamu tu. Chukua sketi yako, na umwambie huyo mtoto apunguze kukua."

Mteja akatoka akicheka. Sisi hatukucheka. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo.

"Umeshalipa?" akaniuliza.

"Bado."

"Unangoja nini? Kalipe. Nitakwenda."

"Wifi..."

"Nimesema nitakwenda! Nimeshakushonea gauni la meli, lina mifuko minne. Unataka nimvishe nani, cherehani?"

Akachukua uzi atunge sindano. Akakosa tundu. Akalamba ncha, akakosa tena. Mara ya tatu uzi ukamponyoka, akajifanya anatafuta mkasi. Miaka arobaini namfahamu, anatunga sindano huku akikusimulia habari, bila kuitazama.

Kile nilichokuwa nakitaka alikuwa amenipa. Simu ilikuwa mfukoni. Nilikuwa na haki ya kusema ahsante na kumpigia mjukuu wangu.

"Ni nani aliyewahi kukufungia?" nikamuuliza.

Akaacha kutafuta mkasi.

"Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilishona kwenye karakana ya mashati. Msimamizi alikuwa anatufungia kwa nje mpaka oda iishe. Siku moja umeme ukakatika, na yeye ameondoka na ufunguo. Wasichana kumi na wanne. Madirisha ya juu, ya kuingiza hewa tu." Akaokota uzi. "Tuligonga mpaka mikono ikavimba. Alikuja siku ya pili yake, akatuuliza mbona kazi haijaisha."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia ungeacha safari."

"Mimi miaka yote nilidhani unakaa mlangoni kwa ajili ya mwanga."

"Na mwanga pia," akasema.

Siku tatu alikuwa ameingia kwenye ile stoo kwa miguu yake. Niliona haya kwa ule muda nilionyamaza pale sakafuni.

Nikatoa simu. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

"Bibi!" mjukuu wangu akasema. "Niandike jina la nani?"

"Majina yabaki. Uliza chumba chenye dirisha."

"Hatuna hizo pesa, bibi."

"Basi uliza siku chache. Siku zozote, ila dirisha liwepo."

"Unafanya nini wewe?" wifi akainuka. "Hebu acha..."

"Nyamaza, wifi."

Sijawahi kumwambia neno hilo. Nilimsikia mjukuu wangu akimbembeleza wakala, na wakala akisema mfumo uko taratibu leo. Dakika zikaenda. Halafu sikio likawa tupu. Salio lilikuwa limekwisha.

Nikaitikisa simu kama mjinga. Vocha ziliuzwa mwisho wa mtaa, na magoti yangu hayajui kukimbia. Wifi alinitazama. Akainua rundo la vitambaa, akatoa simu yake, akaisukuma mezani mpaka ikagusa mkono wangu.

"Bibi Fundi?" mjukuu wangu akapokea.

"Ni mimi, kwa simu yake."

"Sikiliza haraka. Ipo safari ya siku mbili, kisiwa kimoja. Chumba kina dirisha, pesa ni zilezile. Kimebaki kimoja na kuna mtu nyuma yangu anakitaka. Nilipe?"

Nikaweka sauti juu, nikaiacha simu katikati ya meza. Sikumjibia. Saa ilikuwa sita kasoro dakika nane, na mshale ulikuwa unasikika.

Wifi aliinama karibu na simu. "Hilo dirisha linafunguka?"

Tukamsikia akiuliza. "Halifunguki, bibi. Ni kioo kinene. Lakini mwanga unaingia."

"Na mlango?"

"Unafungwa kwa ndani. Anasema mtu wa nje akiufunga, wewe wa ndani bado unafungua."

"Kamuulize mara ya pili."

Akauliza mara ya pili. Jibu lilikuwa lilelile. "Ila dirishani kuna boti ya kuokolea watu imening'inia mbele. Bahari mtaiona nusu."

"Nusu inatosha, nitafumba jicho moja," wifi akasema, lakini sauti haikucheka. Akanigeukia. "Siku tano zimekuwa mbili."

"Nimesikia."

"Visiwa viwili vimekwenda na maji."

"Nimesikia, wifi."

"Utanilaumu mpaka kaburini."

"Nitakulaumu Jumatatu tu. Siku nyingine nina kazi."

"Bibi," simu ikasema, "huyu mtu ananisukuma."

Wifi akafumba macho. "Lipa," akasema. "Lipa, mama, kabla sijakimbia."

Nisiseme uongo, iliniuma. Nilikuwa nimeshavitembea visiwa vyote vitatu kichwani, na kutandikiwa kitanda asubuhi mbili si sawa na asubuhi tano. Lakini ujumbe wa malipo ulipoingia, wifi aliketi, akachukua sindano, akaitunga huku ananitazama mimi.

Nikasimama niondoke. "Wifi, lile komeo, mkono ulifanya wenyewe."

"Huo mkono sijausamehe bado."

"Ni haki yako."

Niliruka kitambaa chake nikatoka. Nilikuwa nimeshapita duka la pili niliposikia cherehani imenyamaza.

"Wewe!"

Nikageuka. Alikuwa ameegemea fremu ya mlango, futi shingoni.

"Kesho una kazi gani?"

"Sina. Kwani unataka nije?"

"Nani kasema nataka? Gauni lako halijakunjwa pindo, siwezi kulipima hewani." Akaitazama barabara, akanitazama mimi. "Njoo. Njoo tena kesho, kabla wateja hawajaja."