Meno Juu ya Magurudumu Mawili

Kiroboto hajawahi kuanguka na skuta yake. Hata siku moja. Muulizeni mwenyewe, atawaapia huku ameshika ukuta.

Skuta yenyewe ni kibao kifupi chenye gurudumu kila upande. Haina usukani, haina kiti, haina breki. Inajisawazisha yenyewe kwa umeme. Ukiinamia mbele inakwenda, ukiegemea nyuma inapunguza mwendo mpaka inatulia. Hilo la mbele Kiroboto alilijua siku ileile aliyoinunua. Hilo la nyuma, tuseme alikuwa bado analitafakari. Nyumbani, kwenye korido ya kwenda jikoni, alikuwa na namna yake ya kufika: anakamata mlango wa friji. Friji ikiwa mbali, anamkamata dada yake.

"Siku moja utanikamata nimebeba sufuria ya maji ya moto," dada alimwambia, "ndipo utakapojua mimi ni mkubwa wako."

"Wivu huo, dada. Panda na wewe."

"Nipande, halafu nikamate nini? Mpini wa friji umeshaung'oa."

Na jina la Kiroboto hakupewa bure. Mtu huyu hakai. Ukimkalisha, goti linacheza. Goti likitulia, vidole vinapiga ngoma mezani. Sasa angalia bahati yake: kazi aliyoipata ilikuwa ya kukaa. Karakana ya meno ya bandia, mbele ya mashine ya kung'arishia, kutwa nzima akisugua kaakaa la huyu na ufizi wa yule, mpaka nyusi zinageuka rangi ya waridi kwa vumbi. Kigoda kilimchoma kama kimewashwa mkaa chini.

Kwa hiyo mpelekaji wa meno alipoacha kazi, Kiroboto alimvaa Mama Fundi, mwenye karakana, hata mkoba hajautua begani.

"Nipe mimi, Mama. Nina usafiri."

Mama Fundi alikitazama kibao kwapani mwake. "Huo ndio usafiri? Nikadhani mizani ya kupimia uzito."

"Mizani yenye mbio, Mama."

"Unajua kusimama?"

"Kusimama?" Kiroboto alicheka. Alikiweka kibao sakafuni, akapanda, akanyoosha mgongo na kukunja mikono kifuani. "Tazama! Kama mnara wa simu. Ukitaka, hata kwa mguu mmoja."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na wa kulaumiwa ni lugha yetu, iliyoona uvivu kutafuta maneno mawili. Mama Fundi aliuliza kama anajua kukomesha mwendo. Kiroboto alijibu kwamba anajua kutokaa. Wote wawili wakaridhika.

"Haya. Peleka seti hii ya meno ya juu kwa daktari, kwenye ile zahanati ng'ambo ya uwanja. Ikifika nzima bila vituko, kazi ni yako. Ukiniletea vituko, unarudi kwenye kigoda, na hicho kidude sitaki kukiona hapa tena."

Kiroboto alibana kikasha cha meno kwapani, akateleza zake.

Jamani, raha! Upepo ulijaa kwenye fulana, lami ikapita chini kama mkeka unaokunjwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi goti lake lilikuwa limetulia. Aliyapita magari yaliyoegeshwa, akaukata uwanja, akaliona geti la zahanati limeachwa wazi. Ndipo alipokumbuka kwamba zahanati hazina friji getini. Cha kukamata kilikuwa mlinzi tu, na mlinzi alikuwa na rungu.

"Simama!" mlinzi alipiga kelele.

Kiroboto alijinyoosha zaidi. "Nimesimama!"

"Nasema simama!"

"Kwani unaniona nimekaa?"

Alipogeuza shingo kumjibu, kifua kilitangulia mbele, na skuta ikaelewa inavyoelewa siku zote. Ilikata kona ya jengo, ikamwacha mlinzi na rungu lake upande wa pili, ikaingia uani. Huko makoti meupe ya daktari yalikuwa yameanikwa. Kiroboto alikamata la kwanza. Koti lilikuja, kibanio kikaja, kamba yote ikaja. Skuta iliendelea peke yake hadi kwenye ngazi, ikapinduka, magurudumu yakizunguka hewani. Yeye alitua kwenye bustani iliyotoka kumwagiliwa. Kikasha kilifunguka, na meno yakalala topeni yakicheka.

Aliyaokota haraka. Hakuna jino lililovunjika. Aliyasuuza kwenye bomba la bustani, akayang'arisha kwa fulana, maana kung'arisha anajua, akayarudisha kwenye kikasha. Alipoinua kichwa, alimwona bibi mmoja kwenye benchi karibu na ukuta, ameziba mdomo kwa leso, macho yamemtoka.

"Shikamoo, bibi."

Bibi aliitikia kwa kichwa.

"Ajali ndogo tu hii. Itakuwa siri yetu, eh?"

Bibi alimkodolea macho, asiseme neno. Kiroboto alikichukua kimya kile kuwa ndiyo. Akaanika upya makoti, akakabidhi kikasha kwenye dirisha la mapokezi, akarudi kwa miguu na skuta mkononi.

"Vipi?" aliuliza Mama Fundi.

"Safi, Mama. Nimepita kama mvuke."

"Na hilo tope sikioni?"

"Bustani yao. Wanamwagilia ovyo wale."

"Tungoje simu basi."

Kiroboto aliitamani simu hiyo. Mgonjwa akivishwa meno mapya, daktari humpigia Mama Fundi hapohapo, na mgonjwa hutamka maneno yenye S na F ili fundi asikie kama upepo unavuja. Simu hufunguliwa sauti, wote wajifunze. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani, mpaka ilipolia.

"Yamekaa vizuri," alisema daktari. "Ila mgonjwa kanisumbua. Kabana mdomo, anatikisa kichwa, ananionyesha dirishani. Nikaona ni woga, nikambembeleza. Nimeyatia dawa ya vijidudu kama kawaida, nikamvisha."

"Mpe simu. Bibi, hebu tuambie lolote lenye S, taratibu."

Kiroboto aliacha kutembea. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, kila herufi imenolewa.

"Sasa sikiliza. Meno haya nimeyaona yamesambaa topeni. Yakasuguliwa kwa fulana, bila sabuni."

Mama Fundi alikuwa amefumba macho. "S ziko sawa," alisema, akayafumbua, akayaelekeza mlangoni, ambako mkono wa Kiroboto ulikuwa umeshafika kwenye kitasa. "Endelea, bibi. Tupe na F."

"Aliyefanya fujo hiyo ni kijana mfupi. Kafuta, kafungia kwenye kikasha, halafu kaniambia ni siri yetu. Siri ya nani? Mimi sikusema ndiyo. Sikuwa na meno."