Kikohozi Nyuma ya Mbao

Tulipoingia nyumba ya maskini hapa London, mimi na mume wangu Enoch tulitenganishwa mlangoni: yeye upande wa wanaume, mimi upande wa wanawake. Kwa miaka minne sikumwona. Jumapili tu, kanisani, nyuma ya ukuta wa mbao uliotugawa, alikuwa akikohoa mara mbili wakati wa sala, nami namjibu mara mbili. Ndoa yetu ilibaki hiyo.

Juzi akaja Bi Lavinia, mmoja wa mabibi wanaotetea maskini, na glavu zake nyeupe. Akasema sheria sasa inawaruhusu wazee waliopita miaka sitini kulala chumba kimoja na wenzi wao.

"Bi Tapley, mbona hufurahi?"

"Nitafurahi nikimwona. Enoch anakoroma, lakini nitavumilia."

Akaenda kumwita. Aliporudi alikuwa amevua glavu, anazikunjakunja mkononi.

"Mama, mumeo alifariki mwaka juzi, wakati wa baridi. Wanasema walisahau kukuambia."

"Mwongo wewe. Jumapili nimemsikia."

Nikarudi kwenye kazi tunayopewa humu, ya kuchambua kamba kuukuu uzi kwa uzi, nikazichambua mpaka vidole vikatoka damu.

Jumapili iliyofuata nilikaa palepale. Wakati wa sala, nyuma ya mbao, mtu akakohoa mara mbili, akangoja. Nikajua kuna mzee huko ambaye naye hajaambiwa kwamba mkewe amefariki.

Nikakohoa mara mbili.